Pumziko la Mjakazi

Mswada aliouwasilisha Seneta Bernie Sanders Machi 2024, wa kushusha wiki ya kazi ya Marekani kutoka saa 40 hadi 32 ndani ya miaka minne bila mshahara kupungua, haukufika mbali bungeni. Makanisani ulifika. Usharika wetu wa Kilutheri hapa Minnesota uliufanya somo la watu wazima baada ya Pasaka, na tangu hapo wiki fupi ya kazi imehesabiwa miongoni mwa mambo ambayo Mkristo wa mrengo wa mageuzi anatarajiwa kuyakubali, pamoja na uchungaji wa wanawake na utunzaji wa mazingira. Mimi nayakubali yote matatu, na hili la kazi nalikubali kwa mikono miwili. Ila jinsi linavyohubiriwa linaniacha nje ya mlango, na sipo peke yangu hapo nje.

Wanaolihubiri ni watu waliosoma na hoja zao zina uzito. Mchungaji wetu humtegemea Walter Brueggemann, mtaalamu wa Agano la Kale ambaye katika kitabu chake cha 2014 alieleza kwamba kushika Sabato ni kumgomea Farao na uchumi wake usiojua kutosheka. Wengine humtaja Jürgen Moltmann, Mjerumani aliyefundisha mwaka 1985 kwamba kilele cha uumbaji ni pumziko la siku ya saba, wala si binadamu aliyeumbwa siku ya sita. Kutokana na hao linajengwa fundisho zuri: mtu hathaminiwi kwa wingi wa anachozalisha, muda ni zawadi, tunahitaji nafasi ya kuwa na watoto, majirani, sala na bustani. Niliyasikia yote nikiitikia kwa kichwa huku nikipigana na usingizi, maana nilikuwa nikitoka moja kwa moja zamu ya usiku.

Kazi yangu ni unesi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee. Watanzania wenzangu huiweka kwenye kapu moja na vibarua vingine vyote vya ugenini, na kuviita kubeba boksi. Boksi langu lina pumzi. Usiku nawageuza wasiojiweza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia, nawabadilisha nepi, naitikia kengele, nawashika mikono wanaoamka wakimwita mama aliyezikwa zamani za vita. Nalipwa kwa saa, na saa nisiyofanya hailipwi.

Waliokuwa wakizungumza katika somo lile walikuwa mwalimu wa chuo, mwanasheria, mhandisi wa programu, mama mmoja mstaafu wa benki. Hao mshahara wao umepangwa kwa mwaka, na wiki ikifupishwa haitikisiki. Sisi wa viti vya nyuma, Watanzania, Wakenya na Waliberia, tulinyamaza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, ingawa sikuona pale hata mmoja mwenye roho mbaya. Ni vile tu swali lililokuwa mezani halikuwa letu.

Sisi wiki fupi tunaijua sana. Sheria ya bima ya afya humhesabu mtu kuwa mfanyakazi kamili kuanzia saa 30 kwa wiki, kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi. Kwa hiyo mwajiri anayetaka kukwepa gharama hiyo anakupangia saa 28 na kukutakia siku njema. Sheria ya kazi ya 1938 nayo inaamuru saa zinazozidi 40 zilipwe mara moja na nusu, lakini inazihesabu kwa mwajiri mmoja mmoja. Basi mtu anaigawa wiki yake kwa nyumba mbili za wazee, saa 32 huku na 32 kule. Anafanya kazi saa 64 na hakuna anayedaiwa ovataimu hata senti. Kwenye karatasi, mtu huyo ana wiki mbili fupi.

Nimekulia Upare Kusini, wilaya ya Same, katika nyumba ya Wasabato. Wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifika milimani kwetu mwaka 1903, na katika vijiji vingi vya kule Jumamosi asubuhi hutakuta jembe likigusa udongo. Tangawizi inabaki shambani hata kama mnunuzi ameleta lori. Duka limefungwa. Hakuna anayepasua kuni wala anayewasha moto wa kupika. Kinacholiwa ni makande yaliyochemshwa jana yake.

Aliyeyachemsha ni mama. Ijumaa alikata majani ya ng'ombe ya siku mbili, akateka maji ya siku mbili, akapasua kuni, akafua na kupiga pasi nguo za kanisani za watoto wote, akafagia uwanja, akabandika chungu. Jua lilipozama baba alifungua Biblia na mama akaketi, na kabla ya wimbo wa pili alikuwa amelala. Nyumba nzima ilipumzika kwa sababu mtu mmoja alikuwa amefanya kazi za siku mbili ndani ya siku moja.

Siyasemi haya kuidharau Sabato ile. Nimehama kanisa lakini sijahama shukrani. Sabato ya kijijini ilikuwa na siri ambayo hata wanatheolojia wa mjini hawaielezi vizuri: watu walipumzika pamoja. Mwenye duka na kibarua wake walisimama saa ileile. Kibarua hakuogopa kupokonywa nafasi, kwani hakukuwa na mwenzake aliyekuwa shambani akijipendekeza kwa tajiri. Mwenye akiba anaweza kujipa mapumziko wakati wowote anaotaka. Asiye na akiba hapumziki mpaka wote wawe wamelazimika kupumzika. Ndiyo maana Sabato iliwekwa kuwa amri, wala haikuachwa kuwa ushauri wa afya, na ndiyo maana nawacheka kidogo wanaosema wiki fupi iwe hiari ya kila mtu na mwajiri wake. Hiari ya kwangu na mwajiri wangu naijua inaelekea upande gani.

Basi kwa kipimo hicho cha milimani napima kila hubiri la mapumziko: je, mapumziko haya ni ya wote, na nani amefanya kazi ili yawezekane?

Amri yenyewe inauliza hivyohivyo. Imeandikwa mara mbili. Katika Kutoka 20 sababu yake ni uumbaji: Mungu alipumzika. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni Misri: mlikuwa watumwa, mkatolewa. Zote mbili zinataja orodha ya wanaopaswa kupumzika, mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mifugo, mgeni aliye ndani ya malango; lakini hii ya pili inaongeza shabaha, kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na mwenye nyumba. Wahubiri wetu wanaipenda Kumbukumbu la Torati, na wanafanya vyema. Ila nawaona wanamshughulikia sana Farao na kumpita mjakazi, aliyetajwa kwa makusudi, pamoja na mgeni ambaye hana hata ukoo wa kumtetea. Mimi nasoma orodha ile na kujikuta ndani yake mara mbili.

Kuna jambo jingine lisilosemwa. Kabla Israeli hawajafika Sinai, kabla amri haijatolewa, tayari kulikuwa na mana. Kutoka 16 inasimulia kwamba siku ya sita watu waliokota mara mbili, na kile cha akiba hakikuoza kama kilivyooza siku nyingine. Posho ya siku ya saba ilitangulia amri ya siku ya saba. Mungu hakuwaambia watu wenye njaa wapumzike halafu wajitafutie. Aliilipia siku ile kwanza. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu mana yanayofundisha kumtegemea Mungu, na sijasikia hata moja linalosema wazi kwamba ile ilikuwa siku ya mapumziko yenye malipo.

Tena Yesu alisimulia, katika Mathayo 20, habari za mwenye shamba la mizabibu aliyempa kibarua wa saa moja dinari sawa na aliyechomwa na jua la kutwa. Mara nyingi tunaifanya hadithi ya neema ya mbinguni, na ni kweli ni hadithi ya neema. Lakini dinari moja ilikuwa ujira wa siku. Kibarua aliyekaa sokoni mpaka jioni kwa kukosa wa kumwajiri alikuwa na tumbo lilelile na watoto walewale. Mwenye shamba alilipa kwa mahitaji ya siku nzima ya mtu, wala hakuhesabu saa zake. Waliolalamika walikuwa wafanyakazi wenzake.

Hapo ndipo ninaposimama. Mkristo hana ruhusa ya kutenganisha saa na ujira. Kumpunguzia mtu saa bila kumlindia ujira wake ni kumpumzisha kwa njaa, na kanisa linalotetea saa pungufu huku likinyamaza kuhusu mshahara limeshika nusu ya amri, ile nusu isiyo na gharama.

Waliotutangulia katika mrengo huu walilijua hilo. Walter Rauschenbusch, Mbaptisti, aliingia uchungaji mwaka 1886 katika mtaa wa mafukara wa Hell's Kitchen, New York, akakaa huko miaka 11 akizika watoto; baadaye alisema mazishi hayo ya watoto ndiyo yaliyomgeuza. Kutokana na watu wa aina yake ilikua harakati ya Injili ya Jamii. Mwaka 1908 Wamethodisti walipitisha tamko la imani ya kijamii, na Desemba mwaka huohuo Baraza la Shirikisho la Makanisa, lililokutana Philadelphia, likalichukua na kulipanua. Tamko lilidai saa za kazi zipunguzwe hatua kwa hatua hadi chini kabisa panapowezekana. Papo hapo lilidai mshahara unaomwezesha mtu kuishi, na kazi kwa wote, na siku moja ya mapumziko katika kila saba. Madai hayo hayakuachwa yatembee peke yake peke yake. Yalifungwa pamoja.

Tena hawakuishia kwenye tamko. Viwandani mwa chuma, watu walikuwa wakifanya kazi saa 12 kwa siku, na zamu zilipobadilishana kati ya usiku na mchana, baadhi yao walisimama mbele ya tanuru saa 24 mfululizo. Mgomo mkubwa wa 1919 ulipozuka, tume ya makanisa chini ya Askofu Mmethodisti Francis McConnell iliuchunguza na kuchapisha ripoti iliyowakera wenye viwanda. Elbert Gary, mwenyekiti wa U.S. Steel, alijitetea kwamba wafanyakazi wenyewe ndio wanaozitaka saa nyingi, wapate fedha zaidi. Ninapolisoma jibu hilo nacheka peke yangu, kwa kuwa nimelisikia likisemwa juu yetu: hawa Waafrika wanapenda dabo, yaani zamu mbili mfululizo. Nani asiyependa dabo wakati zamu moja hailipi kodi ya nyumba? Juni 1923 baraza la makanisa ya Kiprotestanti, baraza la Wakatoliki na umoja wa marabi wa Kiyahudi walitoa kauli ya pamoja dhidi ya siku ya saa 12. Agosti mwaka huo kampuni ikasalimu amri. Hakuna hata mmoja wa viongozi hao wa dini aliyewaambia wafua chuma wajifunze kutafakari kwa ukimya.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Battle Creek, Michigan, mji uliokuwa makao makuu ya Waadventista katika karne ya 19. W. K. Kellogg, mwenye kiwanda cha nafaka za kifungua kinywa, alizaliwa katika familia ya Wasabato. Tarehe 1 Desemba 1930, ukata wa dunia ukiwa umeanza kuuma, alifuta zamu tatu za saa nane akaweka zamu nne za saa sita, ili waliokosa kazi mjini waingie kiwandani. Alipandisha malipo ya saa, na baada ya miaka michache kampuni ilijivunia kwamba saa sita zilikuwa zikilipa kama zilivyolipa nane. Hapo mapumziko, mshahara na ajira kwa asiye nayo vilikaa chini ya paa moja. Baada ya Vita ya Pili mambo yalianza kugeuka, idara moja baada ya nyingine ikirudi kwenye saa nane. Walioshikilia saa sita mpaka mwisho, mwaka 1985, wengi walikuwa wanawake. Sihitaji mtaalamu wa kunieleza sababu. Mwanamke akitoka kiwandani anaingia zamu nyingine isiyo na saa wala jina.

Sasa linganisha na kinachohubiriwa leo. Jaribio lililonukuliwa sana katika somo letu ni la Uingereza, lililofanyika nusu ya pili ya 2022: kampuni 61, wafanyakazi wapatao 2,900, na mwishoni kampuni 56 ziliendelea na wiki ya siku nne. Watu walipata nafuu ya uchovu, na mimi nafurahi kwa ajili yao. Lakini angalia kanuni waliyoitumia: mshahara asilimia 100, muda asilimia 80, kazi inayotoka asilimia 100. Mwajiri anahakikishiwa kwamba hatapoteza kitu.

Mwanafunzi wa Biblia akiisikia kanuni hiyo angepaswa kukaa wima. Katika Kutoka 5, Musa anaomba watu wapewe siku chache za kwenda kumwabudu Mungu jangwani. Farao anajibu kwa kuwaondolea nyasi za kutengenezea matofali, huku idadi ya matofali ikibaki ileile. Mahubiri yetu yanasema tunamgomea Farao, kisha tunakwenda kwake na ahadi kwamba matofali hayatapungua hata moja. Najua maofisini linawezekana: vipo vikao visivyo na faida, zipo barua pepe za kujibu barua pepe, ukiviondoa unapata siku nzima. Basi waondoe, wapumzike. Ila hiyo ni habari njema kwa kazi iliyojaa upuuzi. Kazi isiyo na upuuzi haina cha kupunguza.

Mzee wa miaka 90 hageuzwi kitandani kwa asilimia 80 ya muda. Ukimharakisha unamchubua. Kumlisha mtu aliyepooza koo kunachukua muda wake, kijiko kimoja na kumeza, kijiko kingine na kumeza; ukikimbia anakabwa. Kwetu sisi njia ya kufupisha siku ni moja tu, kuleta mtu mwingine wa kupokea, na huyo naye alipwe.

Waswidi walilijaribu hilo waziwazi. Katika nyumba ya wazee ya Svartedalen, mjini Gothenburg, manesi wasaidizi walifanya kazi saa sita kwa siku badala ya nane kwa mshahara uleule, kuanzia Februari 2015 hadi mwisho wa 2016. Waliougua na kukosa kazini walipungua, wazee walihudumiwa vizuri zaidi, na ilibidi waajiriwe watu wapya 17 hivi. Gharama ilikuwa kama kronor milioni 12. Wanasiasa waliotazama hesabu walisema ni ghali, na muda wa jaribio ulipokwisha halikuendelezwa. Waandishi wengi waliliandika kama jaribio lililoshindwa. Mimi naliona kama jaribio lililosema ukweli. Limetutajia bei ya kuwapumzisha wanaotunza wazee. Jamii inaweza kuilipa au kukataa, lakini haiwezi tena kudai kwamba haina bei, na kanisa linalosema binadamu ana thamani kuliko matofali lina wajibu wa kuitaja bei hiyo kwa sauti.

Wakristo wa mrengo wa pili, wale wa kihafidhina, watanirudisha kwenye maandiko. Si imeandikwa siku sita tufanye kazi? Si Paulo aliwaonya Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile? Imeandikwa. Lakini hesabu ya siku sita ilihusu kazi zote za nyumba ya mkulima, pamoja na kuchota maji, kufuma, kulea na kupika. Kwa hesabu hiyo mama yangu alizitimiza sita na kuzidi. Mimi pia, nikitoka zamu, nina nyumba. Hakuna mwenye wiki ya siku nne duniani kwa hesabu ya Musa. Kuna wenye siku nne za kulipwa tu. Na Paulo aliwakemea watu waliokula jasho la wengine huku mikono yao imekunjwa. Azimio la Arusha la 1967 liliwaita watu hao wanyonyaji, na halikuwa likimsema mfua chuma aliyeomba saa nane.

Wapo pia wanaouliza, kwa upole wa kuudhi, watu wa hali ya chini wataufanyia nini huo muda. Nawajibu kwa Luka 13. Mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18 alikuwa katika sinagogi siku ya Sabato, Yesu akamnyoosha, mkuu wa sinagogi akakasirika. Yesu akawakumbusha kwamba hata wao humfungua ng'ombe au punda siku hiyo na kumpeleka kunywa maji. Katika kazi yetu mgongo ndio hutangulia kufa. Tunainua watu wazima, usiku kucha, mara nyingi bila msaidizi. Muda tutautumia kunyooka. Baada ya hapo tukitaka kulala, kuimba kwaya, au kumpigia simu mama Same bila kuangalia saa, hatutaomba kibali.

Ninachokitaka kwa Wakristo wenzangu wa mageuzi ni kidogo na kinagharimu. Waanze na wanaowalipa wenyewe. Kila usharika mkubwa una mtu wa usafi, mara nyingi ana kazi nyingine mbili, na Jumapili ndiyo siku yake ngumu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo siku tunayochafua. Apunguziwe saa, alipwe vilevile, na bajeti ya maua ya madhabahuni ifidie. Wakimwandikia mbunge kuhusu wiki ya saa 32, barua hiyohiyo idai idadi ya kutosha ya wahudumu katika nyumba za wazee, na malipo ya saa yatakayomfanya mtu aishi kwa mwajiri mmoja. Wajifunze kwa Shawn Fain, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari, ambaye mwaka 2023 alihubiri habari za ngamia na tundu la sindano mbele ya wanachama wake, na katika mgomo ule akadai wiki ya saa 32 bila mshahara kupungua, sambamba na nyongeza kubwa ya mishahara. Wiki fupi hakuipata. Nyongeza ya asilimia 25 aliipata. Lakini aliyafunga madai yake pamoja, kama lilivyofanya tamko la 1908.

Ndugu zangu mlioko nyumbani mtasema haya ni matatizo ya walioshiba. Sisi tulilelewa na wimbo wa Uhuru na Kazi, baadaye tukaambiwa Hapa Kazi Tu, na mgeni mwenyewe siku ya tatu tunampa jembe. Vijana wamejaa vijiweni hawana hata saa moja ya kulipwa, nani apunguziwe? Nawajibu kwamba Kellogg alipunguza saa wakati hasa kazi zilipoadimika, ili zigawanywe. Na jirani zetu wa Rwanda, ambao hakuna awaitaye matajiri, tangu Januari 2023 wamepanga wiki ya saa 40, kazi ianze saa tatu asubuhi.

Kwetu Tanzania hata sijaomba hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo. Lakini katika nyumba za wazee wa kanisa, wainjilisti, wanakwaya na wachungaji wa Dar es Salaam na Moshi yumo dada wa kazi anayeamka kabla ya adhana na kulala baada ya taarifa ya habari, siku saba. Jumapili anawavisha watoto wa mwenye nyumba waende kusikia neno la Mungu, naye anabaki na sufuria. Huyo ndiye mjakazi aliyetajwa katika amri. Mkristo anayetaka kuzungumza nami habari za siku nne za kazi, wa hapa Minnesota au wa huko, kwanza ampe msichana huyo siku yake moja kamili katika saba, aende atakako, na mwisho wa mwezi bahasha yake isipungue hata shilingi.